Alisema Endelea au Alisema Subiri?

Chapuchapu hakupewa jina hilo bure. Akifua, kamba inajaa kabla jirani hajamaliza kuloweka. Akila, sahani ya mumewe ingali nusu. Hata usingizi, mumewe alisema, mke wangu anaulala mbio mbio kama mtu anayewahi gari.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi barazani kwao, kwenye kiti kifupi, na nyundo yake ilisikika mtaa mzima. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Katika nyumba hiyo ya vyumba viwili waliishi pia watoto wao wawili wa kike, na mdogo wake Fundi. Mdogo wake huyo alikuwa dereva wa foklifti, lile gari fupi lenye vyuma viwili mbele kama meno, la kunyanyulia mizigo. Nyumbani walimwita tu Dereva. Yeye na shemeji yake Chapuchapu walifanya kazi mahali pamoja, kwenye ghala la vigae vya sakafuni.

Asubuhi kulikuwa na vita vya bafuni.

"Shemeji, toka! Unaoga au unajimenya?"

"Najipendezesha, shemeji. Foklifti haipendi dereva mchafu."

"Foklifti haina pua! Toka, tutachelewa."

"Mwache mdogo wangu," Fundi alisema huku akitafuta misumari yake. "Anatafuta mchumba."

"Atampata wapi? Kule kuna maboksi ya vigae tu."

Watoto walicheka mpaka chai ikawapalia. Kisha shemeji wawili hao wakaondoka pamoja, mmoja mbele anakimbiakimbia, mwingine nyuma anafunga vifungo vya shati.

Ghala lenyewe lilikuwa kubwa, lenye paa la bati refu kwenda juu. Kelele zake zilikuwa nyingi. Feni mbili kubwa zilivuma ukutani. Pembeni kulikuwa na msumeno wa kukatia vigae, na huo ulilia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Foklifti nayo ilinguruma. Ukitaka kuzungumza na mtu ilibidi umwendee mpaka sikioni.

Kwa miaka mingi wafanyakazi walielewana hapo bila shida. Kisha akaja msimamizi mpya.

Siku ya kwanza alisimama juu ya boksi, tai shingoni.

"Kuanzia leo, hapa kazini ni Kiingereza tu," alisema. "Kampuni inakua. Wageni watakuja kututazama. Sitaki kelele za sokoni."

Hayo aliyasema kwa Kiswahili, maana alitaka yaeleweke.

Usidhani alikuwa mgeni. Alizaliwa na kukulia kama wao. Mama yake akimpigia simu alijibu kwa Kiswahili laini kabisa: "Umeamkaje, mama? Dawa umekunywa?" Lakini akikata simu, Kiswahili alikirudisha mfukoni pamoja nayo.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "move". "Move up!" "Move back!" "Move over!" "Move on!" "Move along!" Siku nzima ni hayo. Wafanyakazi wengi hawakusoma Kiingereza zaidi ya salamu. Walisikia "muvu", halafu kitu kingine ambacho feni ilikimeza. Je, wasogee mbele? Warudi nyuma? Wapishe? Walikisia. Wakawa wanamtazama mikono wapate kujua anataka nini, lakini mkono mmoja ulishika simu na wa pili ulishika kikombe cha kahawa.

Wakampa jina: Bwana Muvu.

Mzee wa ghala, aliyehesabu maboksi tangu ghala lilipofunguliwa, alimwendea kwa heshima.

"Bwana, naomba jambo. Maneno ya ofisini yawe Kiingereza, sawa. Ila haya ya kuongozea mashine tuyaseme kwa lugha tunayoijua sote."

Bwana Muvu alimtazama juu mpaka chini.

"Mzee, kama Kiingereza kimekushinda, nenda kauze karanga."

Watu walicheka. Hakuna aliyeona kichekesho. Walicheka kwa sababu alikuwa anawatazama. Mzee akainamisha kichwa na kurudi kwenye maboksi yake. Chapuchapu hakucheka. Mashavu yalimwaka moto. Mzee yule alikuwa sawa na baba yake.

Kisha ikaja zamu ya Dereva. Alikuwa amebeba mzigo akasikia amri ambayo hakuielewa vizuri. Akafanya jambo la busara: akasimamisha foklifti, akashuka, akamfuata msimamizi.

"Samahani, umesema niende au nisubiri?"

"Nikisema 'go on', unaenda!" Bwana Muvu alimfokea mbele ya watu. "Kila saa unasimama simama kama bibi harusi! Ukisimama tena bila amri yangu, utaisimamisha na kazi yako."

Tangu hapo Dereva aliogopa kusimama. Mwendesha mashine anayeogopa kusimama ni hatari kwa kila aliye karibu naye. Lakini hilo Bwana Muvu hakulijua, au hakutaka kulijua.

Siku ya ajali, mzigo uliingia mwingi. Dereva alibeba chaga ya mbao iliyopangwa maboksi mpaka juu ya macho yake. Mbele hakuona kitu. Aliongozwa kwa sauti ya Bwana Muvu, aliyesimama kando. Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuweka vipande vya mbao sakafuni, pale mzigo utakapokaa, kisha kuondoka upesi.

Aliviweka. Akaondoka. Kisha akaona kipande kimoja kimeteleza. Akarudi, akainama kukinyoosha.

Bwana Muvu alimwona. Akapaza sauti: "Hold on! Hold on!"

Msumeno ulikuwa unalia. Dereva alisikia "...on! ...on!" Akasonga mbele.

"Simama!" Bwana Muvu alilia sasa kwa sauti iliyopasuka. "Simama! Simama jamani!"

Foklifti ilisimama hapo hapo. Lakini chaga ilikuwa imeshaubana mguu wa Chapuchapu.

Kiatu kigumu cha kazi kiliokoa vidole. Mifupa ya juu ya mguu haikuokoka. Hospitali walimfunga plasta mpaka karibu na goti, wakampa magongo mawili, wakamwambia asiukanyage mguu huo hata kidogo. Mwanamke asiyejua kukaa akaambiwa akae.

Bwana Muvu hakwenda hospitali. Alikwenda ofisini kwa meneja. Alipotoka huko, habari ilikuwa tayari: kosa ni la Dereva. Aliambiwa "hold on", maana yake subiri, naye akaenda. Asimamishwe kazi.

Nyumbani, Fundi alimngoja mdogo wake mlangoni.

"Niambie kwa mdomo wako. Uliambiwa usubiri?"

"Kaka, nilisikia 'go on'. Endelea. Naapa."

"Umemsikia mtu anasema subiri, ukamkanyaga mke wangu!"

"Sikusikia subiri! Nilisikia..."

"Masikio unayo ya nini? Ya kuwekea kalamu?"

"Kaka, huyu ni shemeji yangu. Amenipikia miaka mitano. Ningemwona ningejigonga mimi ukutani."

"Toka," Fundi alisema. "Toka mbele yangu kabla sijasema neno ambalo mama yetu hatapenda kulisikia."

Dereva alichukua shati lake na ndala zake. Akaenda kukaa kwa rafiki yake, chumba cha mtu mmoja, akalala sakafuni.

Chapuchapu alisikia yote kutoka kitandani. Alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha.

"Mume wangu, umefanya nini? Yule ni damu yako."

"Na huo mguu ni wa nani?" Fundi alijibu. Akatoka nje. Nyundo yake ilipiga soli siku hiyo kama inapiga mtu.

Siku zikapita, nyumba kimya. Watoto waliuliza baba mdogo yuko wapi, wakaambiwa kaleni. Bafuni hakukuwa tena na vita. Chapuchapu alijikokota kwa magongo kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kitandani. Hasira ilimjaa, lakini hakujua amwelekeze nani. Shemeji? Alimjua shemeji yake. Asingemdhuru hata kuku. Basi nani?

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mwanamke mmoja ambaye watu walimwita Mama Winchi. Alifanya kazi kwenye majengo marefu. Kazi yake ilikuwa kusimama chini na kumwongoza mwendeshaji wa winchi aliye juu kabisa: shusha, pandisha, simama. Alisomea kazi hiyo, na alikuwa na kitambulisho chenye picha aliyoichukia.

Alikuja kumjulia hali mgonjwa na chungwa mkononi.

"Pole, mama. Hebu nieleze. Huko kwenu kazini mnaongozanaje?"

Chapuchapu akaeleza. Alipofika kwenye "hold on", Mama Winchi aliacha kumenya chungwa.

"Subiri. Rudia. Msimamizi alisema 'hold on'?"

"Ndiyo. Mimi nilikuwa karibu naye, nilimsikia."

"Na shemeji yako anasema alisikia 'go on'?"

"Ndivyo anavyosema. Mume wangu hamwamini."

Mama Winchi alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fundi yuko wapi? Fundi! Njoo hapa ndani, na nyundo yako."

Fundi akaingia, bado na uzi mdomoni.

"Kaka, nataka nikupime masikio," Mama Winchi alisema. "Mimi nakwenda nyuma ya ukuta. Redio iwekwe juu kabisa. Wewe gonga soli kama kawaida. Nitapiga kelele maneno mawili, mara hili mara lile. Nikisema 'go on', inua mkono. Nikisema 'hold on', usiinue. Mkeo atasimama dirishani, anitazame mdomo."

"Mchezo wa watoto huu," Fundi alisema. "Na mimi sina moyo wa kucheza."

"Basi utanishinda kirahisi. Gonga."

Redio ikaimba. Nyundo ikagonga. Kutoka nyuma ya ukuta sauti ilikuja: "...on! ...on!"

Fundi akainua mkono.

"Hapana," Chapuchapu alisema kutoka dirishani. "Amesema 'hold on'."

Sauti ikaja tena. Fundi akakaza uso. Akainua mkono.

"Hapana."

Ikaja tena. Safari hii alisita. Hakuinua.

"Hiyo ilikuwa 'go on'," Chapuchapu alisema taratibu.

Watoto walitaka kucheka, wakamwona baba yao, wakanyamaza. Fundi aliweka nyundo chini. Alizima redio mwenyewe. Alikaa na mikono magotini akitazama sakafu.

"Na wewe uliketi," Mama Winchi alisema alipoingia. "Huendeshi mashine. Hujabeba maboksi mpaka juu ya macho. Na jana hakuna aliyekutishia kukufukuza ukisimama."

"Nimemfukuza mdogo wangu," Fundi alisema.

"Umemfukuza kwa kosa la mtu mwingine."

"Kosa la Kiingereza?" Chapuchapu aliuliza.

"Hapana, mama. Kiingereza hakijamkanyaga mtu. Mwanangu wa kwanza nataka akijue vizuri. Lakini sikiliza. Maneno mengi ya Kiingereza ya mwendo yana kichwa na mkia. 'Move' ni kichwa. Kinakwambia tu kwamba kuna kusogea. Mkia ndio unaokwambia wapi: 'up', 'back', 'over'. Kiswahili hatufanyi hivyo. Kurudi ni rudi. Kupisha ni pisha. Kusogea ni sogea. Kila neno limekuja na kichwa chake, halifanani na jingine. Sasa, kelele zikimeza mkia, 'move' inabaki kama kuku aliyenyonyolewa mkia. Hujui anakwenda wapi. Na hapa kwenu kelele zilimeza kichwa. 'Go' imemezwa, 'hold' imemezwa, umebaki mkia ule ule mmoja. Endelea na subiri zikawa kitu kimoja!"

"Yesu na malaika," Chapuchapu alisema.

"Hata sisi kazini, ambako wapo wanaojua Kiingereza tangu utotoni, hakuna anayemwongoza mtu wa mashine kwa 'hold on'. Hakuna! Ni neno la kwenye simu. Mtu anakuambia ngoja nikatafute kalamu."

Fundi tayari alikuwa anavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mkewe alimuuliza.

"Kumfuata mdogo wangu."

Alimkuta amekaa nje ya chumba cha rafiki yake, anafua shati lile lile moja. Fundi hakujua aanzeje. Yeye ndiye mkubwa, na mkubwa hakuzoea kuomba radhi. Akainama, akachukua shati ndani ya beseni, akaanza kulisuuza.

"Nimepimwa masikio," alisema. "Yangu mabovu kuliko yako."

Dereva hakuelewa.

"Twende nyumbani, mdogo wangu. Nimekukosea. Nitakueleza njiani."

Dereva alipoingia chumbani kwa shemeji yake, alisimama mlangoni, hakuthubutu kusogea.

"Shemeji, nisamehe."

"Kaa hapa," Chapuchapu alisema, akipiga piga godoro. "Nikusamehe nini? Mimi sina hasira na wewe. Nilikuwa natafuta mwenye hasira yangu, na sasa nimempata. Mama Winchi, endelea. Njia nzuri ni ipi? Tufundishe. Maana mimi kule nitarudi, hata kwa mguu mmoja."

Mama Winchi akawafundisha pale pale, watu wanne kitandani na watoto sakafuni.

"Kwanza, kiongozi ni mmoja. Watu wawili wakimwongoza dereva mmoja, wamemwongoza kaburini. Pili, kiongozi asimame mahali dereva anamwona. Dereva, ukimpoteza kiongozi machoni, unafanya nini?"

"Nasimama."

"Unasimama. Huulizi, hukisii. Tatu, mikono iseme kabla ya mdomo. Mikono haimezwi na feni. Kwa hiyo kiongozi hashiki simu wala kikombe. Nne, maneno yawe machache, mafupi, yasiyofanana, na kila mtu pale ndani ayajue, mpaka anayefagia. Mimi ningechukua haya: njoo, rudi, shusha, simama."

"Na 'pisha'?" Chapuchapu aliuliza.

"'Pisha' ni ya watu, si ya mashine. Iwekeni, ila kwa watu. Na la mwisho, ndilo kubwa. Maneno mengine ni ya kiongozi peke yake. 'Simama' ni ya wote. Yeyote akiona hatari, anainua mikono yote miwili na kusema simama. Na mashine inasimama. Hata kama aliyesema amekosea. Hakuna kumfokea. Ukimfokea leo, kesho ataona mtu anabanwa na atanyamaza."

Dereva aliangalia mikono yake. "Mimi nilifokewa," alisema.

"Najua. Ndiyo maana tuko hapa."

Asubuhi iliyofuata, kabla mashine hazijawashwa, Chapuchapu aliingia ghalani kwa magongo yake. Alichechemea katikati ya ghala lote, ko, ko, ko, na watu wakaacha walichokuwa wanafanya. Dereva na Fundi walikuwa nyuma yake. Hakuwa na cheo cha kumwezesha kumwita meneja. Alimwita tu. Na meneja, mwanamke mwenye miwani aliyezoea kukaa juu ofisini, akateremka.

"Mama, ungepumzika nyumbani," meneja alisema.

"Nimepumzika vya kutosha. Nimekuja kuuliza swali moja. Nataka aulizwe yule."

Alimwonyesha Bwana Muvu kwa gongo. Bwana Muvu akajirekebisha tai.

"I told him 'hold on'," alisema. "Everybody heard."

"Kweli," Chapuchapu alisema. "Alisema 'hold on'. Nilimsikia. Sitamsingizia."

"Basi dereva ana kosa," meneja alisema.

"Sijamaliza, mama. Ndiyo kwanza naanza. Bwana Muvu, uliposema 'hold on', foklifti ilisimama?"

Bwana Muvu aligusa tena tai yake.

"Nauliza. Ilisimama?"

"Hapana."

"Baada ya hapo ulisema neno jingine. Ulisema neno gani?"

Bwana Muvu alitazama mlango. Nyuma, kutoka kwenye maboksi, sauti ya Mzee wa ghala ilisikika:

"Alisema simama."

"Alisema simama!" wengine walidakia. "Wote tulisikia!"

"Ulisema simama," Chapuchapu alisema. "Uliposhtuka ulisema simama jamani. Na huyu hapa, huyu mliyemsimamisha kazi, alisimama papo hapo. Hakuuliza. Hakukosea. Kwa hiyo neno ulikuwa nalo! Ulikuwa nalo tangu asubuhi! Ulizaliwa nalo! Uliliweka wapi mpaka mguu wangu uvunjike kwanza? Uliona aibu gani kulisema? Aibu ya wageni ambao hata hawajafika?"

Alimwonyesha Mzee wa ghala kwa gongo.

"Mzee huyu alikuomba kwa adabu," aliendelea. "Ukamwambia akauze karanga. Huyu shemeji yangu alishuka kukuuliza, ukamwita bibi harusi. Watu wanaouliza ndio wanaotaka wenzao wafike nyumbani wazima. Wewe uliwanyamazisha wote. Halafu ukapanda ngazi kwenda kusema wao ndio wenye kosa!"

Meneja alivua miwani.

"Ni kweli ulisema simama?" alimuuliza msimamizi.

"Nilishtuka," alijibu, na safari hii alijibu kwa Kiswahili.

"Na sheria hii ya Kiingereza mpaka kwenye mashine, nani aliitoa? Mimi sikuitoa."

Bwana Muvu alirudi hatua moja nyuma.

Meneja hakuwa mtu wa kubadilika haraka. Alisema atalifikiria. Alisema kuna mzigo unasubiri, mashine ziwashwe, mengine yataongelewa baadaye. Dereva wa pili wa foklifti, mtu ambaye kwa kawaida hasemi, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya boksi.

"Siwashi," alisema.

"Mnagoma?"

"Hatugomi, mama," Mzee wa ghala alisema. "Tunasubiri maneno. Tukishakubaliana maneno, tunafanya kazi. Hata leo."

Wakaketi kwenye chaga tupu, kila mtu, na wa msumeno pia. Ghala likawa kimya mpaka ndege wa kwenye paa wakasikika. Chapuchapu akamweleza meneja habari za Mama Winchi, jirani yake, na maneno aliyowafundisha. Meneja alitazama ule ufunguo. Kisha akamwuliza Chapuchapu:

"Huyo jirani yako anaweza kuja?"

Mama Winchi alikuja kesho yake, siku yake ya mapumziko, na kofia ngumu yake mwenyewe. Aliwafundisha wote, wa ofisini kwa wa maboksi. Walisimama mistari miwili wakipunga mikono kama watu wanaofukuza nyuki. Walicheka, na safari hii ilichekesha kweli. Meneja alitoa ishara ya rudi pale pa njoo mara mbili. Bwana Muvu alikuwa mstari wa nyuma. Mama Winchi alimpokea simu kwanza, kisha kikombe, akaviweka mezani.

"Mikono yako, bwana. Watu wanaihitaji."

Michoro ya ishara ilibandikwa ukutani, mikubwa, ili hata asiyesoma aione. Chini yake yaliandikwa maneno manne. Msumeno ulihamishiwa chumba chake. Dereva alirudishwa kazini, na mbele ya wote meneja alisema kwamba ajali ile haikuwa kosa lake. Kampuni iliendelea kushughulikia matibabu ya mguu kama inavyotakiwa.

Bwana Muvu alikuja nyumbani kwa Chapuchapu, mara moja tu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, naomba radhi," alisema.

"Nimekusikia," Chapuchapu alijibu. "Umwombe na Mzee. Mbele ya watu, kama ulivyomtukana mbele ya watu. Halafu uje tena tunywe chai."

Alikwenda. Watu walisema alipata shida sana kuyatoa maneno, lakini aliyatoa.

Chapuchapu alirudi kazini mguu ukiwa haujanyooka vizuri. Hakimbii tena. Alipewa kazi ya kiongozi wa mashine, maana kazi hiyo haitaki miguu ya haraka, inataka macho. Alisimama pale Dereva anapomwona, mikono mitupu.

Mwezi huo aliajiriwa mfagiaji mpya. Alikuwa mtu mzima, mwoga, mwenye kusema samahani hata kwa ufagio. Siku moja Dereva alikuwa anarudi nyuma na mzigo. Chapuchapu aliangalia upande wa mzigo. Upande wa pili, dereva wa lori, mgeni pale, akatokea kati ya maboksi akitafuta choo. Alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu. Alitembea moja kwa moja mpaka nyuma ya foklifti.

Mfagiaji aliona. Ufagio ukamwanguka. Akainua mikono yote miwili.

"Simama!"

Chapuchapu hakugeuka kuangalia ni nani. Aliinua mikono yake na yeye. "Simama!" Mzee akasema simama. Foklifti ikasimama. Maboksi yalitikisika juu, yakatulia.

Mgeni aliinua macho kutoka kwenye simu. Aliona chuma hatua moja mbele ya kifua chake. Akarudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa ukuta, akachuchumaa hapo, akashika kichwa. Dereva alizima mashine na kushuka. Shemeji yake akamshika mkono.

Mfagiaji alikuwa bado amesimama na mikono juu. Alimwona Bwana Muvu anakuja kwa haraka kutoka upande wa ofisi, akaanza kujitetea.

"Samahani. Samahani sana, bosi. Mimi mgeni hapa. Sikujua kama naruhusiwa. Nimekosea?"

Bwana Muvu alimtazama yule mgeni aliyechuchumaa ukutani. Akauokota ule ufagio, akampa mwenyewe.

"Shusha mikono, kaka," alisema. "Hujakosea. Umesema, na imesimama."